Jioni Chumba cha Sindano Kilipofungwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Vancouver. Alhamisi, tarehe 14 Machi, mwaka wa kumi na mbili tangu nitoke kwetu, kisiwa cha Newfoundland.

Jina: Ambrose Pardy. Umri: miaka 47. Kazi: kufunga majukwaa ya ujenzi. Makazi: nyumba ya wapangaji ya Bwana Petrak, Mtaa wa Cordova.

Nimeitwa kwa sababu Bwana Petrak anadai nilivamia chumba cha Leander Skiffington nikampa unga. Mimi situmii unga wala simpi mtu.

Leander na mimi tulizaliwa ghuba moja. Nyumba zetu zilitazamana. Mama yake akikaanga chewa wa chumvi, sisi kwetu tulianza kumeza mate. Huku mjini alianguka kutoka kwenye paa, akaumia mgongo. Daktari alipoacha kumpa vidonge vya maumivu, akaingia kwenye sindano za unga. Hujidungia kwenye kile chumba cha mtaani kwetu kilichoruhusiwa na jiji, nesi akimwangalia asije akafa, na hajawahi kunificha.

Mnamo tarehe 12 Machi, saa moja jioni, palikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa kanisa kujadili kama chumba hicho kifungwe moja kwa moja. Nesi Winnie Tse alikifunga jioni hiyo ili yeye na wenzake waje kukitetea. Leander naye alikuwa azungumze.

Bwana Sahota wa duka la mboga alisema, "Kila asubuhi nafagia sindano mlangoni. Nyie mnaolipenda hilo lichumba, lihamishieni sebuleni kwenu!" Watu wakapiga makofi.

Mama mmoja nisiyemjua akasimama. "Mimi mwanangu nilimkuta chooni, amejifungia, keshapoa. Afadhali wewe, baba, unaokota sindano."

Leander alipoitwa hakuwepo. Nilikimbia nyumbani, maana tumepanga nyumba moja. Bwana Petrak, mwenye nyumba, alikuwa anagonga mlango wa Leander. Akaniambia, "Nimegonga mpaka mkono unauma. Mwache mtu alale, bwana."

Kwetu hakuna anayegonga. Anayegonga ni mgeni, au kasisi mwenye habari mbaya. Unasukuma, unaingia jikoni, unakaa, ndipo unaulizwa kama umekula. Leander hajawahi kufunga mlango kwa ufunguo hata hapa, na viatu ameshaibiwa. Nilisukuma, nikaingia. Afisa ameniuliza nani aliniruhusu. Hakuna aliyeniruhusu.

Alikuwa sakafuni, midomo imegeuka bluu, sindano kando yake. Nilimpulizia puani ile dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, wanayogawa pale kwa nesi, kisha nikampa pumzi kwa mdomo. Nilimpa mpaka kichwa changu kikazunguka. Alipofumbua macho alisema, "Ambrose, umeingia na matope." Mama yake alikuwa akitufokea hivyo hivyo. Nililia, na Bwana Petrak aliniona.

Jana hospitalini alinieleza kwamba arosto ya kukosa unga ilimshika kabla ya mkutano, akaona aibu kutetemeka mbele ya watu. Alikwenda kwa nesi, akakuta pamefungwa. Nikamwambia, "Twende nyumbani, ndugu yangu. Hewa ya kule itakuponya."

Akacheka. "Hewa? Hewa ya kule mbona tuliivuta yote tukaikimbia? Kule hakuna chumba wala nesi. Atakayenikuta ni mama."

Nilikuwa nimeshaulizia nauli ya watu wawili.

Kwa hiyo naondoka Jumamosi peke yangu, nikamweleze mama yake ana kwa ana asije akasikia kwa watu. Baraza la jiji litapiga kura kuhusu chumba hicho tarehe 3 Aprili. Mimi si msemaji, shule niliiachia njiani, lakini safari hii nitasimama mimi kukitetea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: A. Pardy

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi, kwa kuwa husoma kwa taabu. Hakutaka neno lifutwe. Ameomba iandikwe kwamba atakuwa amerudi Vancouver tarehe 1 Aprili.
Konstebo D. Laframboise