Honi Imepita

Nyamyumba, 1 Juni 1999

Dada Vénantie,

Nakutangazia rasmi, wewe, bwana yako Gentil, na kila mutu wa nyumba yenu anayejua kusoma, kwamba leo Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi, honi ya gari yetu imepita kontroli, ule ukaguzi wa magari. Bwana wa kontroli aliibonyeza mara mbili, akaandika "nzuri". Sehemu zingine zote za gari zimeanguka.

Sasa salamu. Hamujambo huko Goma? Watoto wanaendelea? Mugongo wa shemeji? Sisi tuko wazima, isipokuwa macho ya Mama. Naandika Kiswahili ili shemeji asome mwenyewe, asiseme tena sisi Wanyarwanda tunamuficha mambo.

Bon. Huyu bwana anatoka Kigali Jumanne mbili kila mwezi. Ana karatasi, kalamu na kinyundo kidogo. Alipoinama kuandika, gari ikaanza kumufuata polepole. Freni ya mukono nilikuwa nimeivuta mpaka mwisho, naapa. Kisha akagonga sakafu na kinyundo. Kinyundo kikaingia. Akazunguka, akafungua mulango, akakichukua ndani, kwenye miguu ya abiria, na akaniambia asante. Ni mutu wa heshima.

Lakini kesi kubwa ni taa. Unajua volani yetu ya kuendeshea iko kuume, gari ilitoka Tanzania, kule wanapita kushoto. Donc taa zake zimetengenezwa kumulika kushoto. Huku kwetu tunapita kuume, na kushoto ndiko kwenye macho ya mutu anayekuja. Nilienda kumulalamikia Munyaneza aliyetuuzia. Akajibu na Kiswahili chake cha Bukoba: "Gari halina tatizo lolote, ndugu yangu. Ni taa tu, bado zimezoea kwetu."

Mama anauliza daktari wa macho atakaa Goma mpaka lini. Sahani iliyo mbele yake anaiona. Mutu aliye kando haoni, mpaka amugonge. Hapa wote wanasema ni mutoto wa jicho, kitu cha kukata tu.

Mudogo wako,
Onésphore


Goma, 3 Juni 1999

Onésphore mudogo wangu,

Verediane wa soko amenifikishia barua yako alipovuka kuuza, ndani ya kikapu cha karoti, inanuka udongo lakini inasomeka. Tuko wazima. Mugongo wa shemeji yako uko palepale. Amecheka kinyundo mpaka nikamukasirikia.

Mi sikucheka. Daktari anaondoka mwisho wa mwezi wa tisa, na hajui kama atarudi. We unaniandikia mambo ya honi! Kutoka Nyamyumba mpaka mujini taxi ziko. Pikipiki ziko. Mulete mpaka Grande Barrière, pale mpakani, mi nitasimama ng'ambo, nimupokee. Hata kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, kama gunia la kabichi, mulete tu.

Dada yako,
Vénantie


Nyamyumba, 7 Julai 1999

Dada,

Salamu nyingi, na usikasirike kabla ya kufika chini ya karatasi.

Nilimusomea Mama barua yako. Sehemu ya kabichi niliiruka. Akapanga sketi yake vizuri, akasema: "Niliuza shamba la baba yenu ili ninunue gari. Leo nipande ya watu? Waseme nini?" Nikamwambia watasema Mama Onésphore anaenda kutibiwa. Akasema: "Hapana. Watasema aliuza shamba bure."

Na watu wenyewe hawasaidii. Zamani, kabla ya gari, kila dereva wa njia hii alikuwa anasimama: mama panda, mama njoo. Jumapili padri alipunguza mwendo mbele yetu, akatoa kichwa: "Si muko na gari?" Mama akajibu kwa nguvu: "Iko!" Padri akaenda. Tulitembea saa moja na nusu, nimemushika mukono, sababu upande wa mutaro haoni.

Ile gari nayo haiwezi kutoka hapa bila karatasi ya kontroli. Penye kuingia mujini polisi wanasimamisha kila mutu, na gari ya jirani Nyirahabimana iko imefungwa kule tangu Pasaka. Kuku wanataga ndani.

Jana tumerudi kwa kontroli. Fundi Wellars alifunga tundu la sakafu na bati la mafuta ya msaada. Bwana wa kontroli akalala chini, akasoma maandishi yote ya lile bati. Akagonga. Likakataa kuingia! Nikaanza kufurahi. Akasimama, akakandamiza gari kwenye pembe ya mbele, akaiachilia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Tukaitazama wote wawili. Iliposimama akaandika: amotisere mbaya, hazizuii kuruka. Taa hata hakuwasha, alisema anazikumbuka.

Mudogo wako,
Onésphore


Goma, 15 Agosti 1999

Onésphore,

Nyumba yote inakusalimu. Mwezi nzima hujaandika, nimeelewa gari imeanguka tena.

Verediane ameniambia kitu. Alipita kwenu, Mama akamumiminia chai. Aliimimina pembeni ya kikombe, kwenye meza, akasema "kunywa, mutoto wangu." Verediane akajifanya anakunywa. Hukuniandikia hiyo.

Nimeenda kwa daktari. Siku yake ya mwisho ya kupokea watu wapya ni tarehe 23 mwezi ujao. Nimeandikisha jina la Mama. Mwambie gari imekufa. Mwambie imeibiwa. Kwa Mungu, mudogo wangu, mwambie kitu.

Vénantie wako


Nyamyumba, 7 Septemba 1999

Dada,

Pole na kungoja. Hatujambo vya kusema.

Nilimwambia imeibiwa. Akatoka nje, akaitafuta na mikono mpaka akaigusa, akarudi kukaa.

Sasa sikia la leo. Kule mutaa wa Mbugangari, wenye gari za volani ya kuume wako kumi na mbili, na taa zinazomulika vizuri ziko pea moja. Ni za wote. Jumanne ya kontroli mutu anazifunga, anapita, anazitoa, anamupa anayefuata. Mimi nilizipata saa tano, zikiwa bado za moto. Wellars alizifunga na waya.

Bwana wa kontroli akaja, akachuchumaa mbele ya taa, akazipangusa vumbi na kitambaa chake.

"Hizi nimezipitisha mara tisa mwaka huu," akasema. "Zenyewe hazina makosa. Ni magari zinayotembea nayo."

Nikamwambia: "Chef, ni ya Mama. Haoni."

"Nani anaendesha?"

"Ni mimi."

"Na we unaona?"

"Ninaona."

"Basi umeona hizi waya."

Ameniandikia nirudi na taa zangu mwenyewe tarehe 21. Amotisere zimepita, Wellars alizitoa kwa gari ya Nyirahabimana, kwa ruhusa yake. Freni pia. Dada, imebaki taa tu. Lakini nikihesabu siku, sitaki kuhesabu.

Onésphore


Nyamyumba, 21 Septemba 1999

Dada Vénantie, salamu kwako na kwa shemeji na watoto, salamu kwa majirani, salamu kwa mugongo!

Imepita.

Wellars alikata plastiki nyeusi, akafunika kwa kila taa ule upande unaopiga watu machoni. Akabaki amefunika karibu yote. Bwana wa kontroli akawasha, akasimama mbele, akaenda mbali, akarudi. Akasema: "Sasa haziumizi mutu. Hazimuliki kitu pia, lakini karatasi yangu haiulizi hiyo." Akapiga muhuri.

Mama alitaka kuishika ile karatasi. Anaipitisha kidole pale kwenye muhuri, anauliza rangi. Nimemwambia ni buluu.

Alhamisi tarehe 23, saa tatu, tuko Barrière. Usichelewe. Amekwisha kuchagua kitambaa cha kichwa.

Mudogo wako,
Onésphore


Goma, 23 Septemba 1999, jioni

Onésphore,

Natumaini ulifika nyumbani salama. Nilikuona kule Barrière ukibishana nao. Mi pia sikujua kwamba gari inataka karatasi ingine ili ivuke. Usijisumbue. Mama alishuka vizuri, nilimushika, tukatembea zile hatua. Aliniuliza kama watu wanatazama. Nilimwambia wanatazama.

Analala kwangu leo. Amekaa mulangoni, anaeleza Mukarugwiza jirani yangu namna kiti cha gari kilivyo laini. Sijamwambia bado. We nisaidie namna ya kumwambia.

Daktari alimumulika na taa ndogo, jicho moja, halafu lingine. Haikufika dakika tano. Si mutoto wa jicho. Ni presha ndani ya jicho, inaua mushipa, inaanzia pembeni mpaka ifike katikati. Kilichokufa hakirudi. Hakuna cha kukata. Amempa dawa ya matone, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni ya kutuliza presha tu.

Nilimuuliza kama tumechelewa sababu ya gari. Akaniuliza gari gani. Nikamueleza yote, kontroli, taa, kila kitu. Akasema hapana, ukimutazama sasa, hata angekuja mwezi wa kwanza wa mwaka huu, angemwambia hivyo hivyo.

Gari tulinunua mwezi wa tatu.

Dada yako,
Vénantie