Mstari Niliouruka

Temeke, Ijumaa, baada ya magharibi

Hotuba yenyewe sikuiandika mie. Kaiandika karani wa Bwana DC, na kesho chuo cha wakunga kitakapotutunuku nishani sisi wahitimu wa zamani, mie ndiye nitakayeisoma. Inasema nimewaokoa wanawake wa Temeke na ujinga wa wakunga wa kienyeji.

Ujinga! Kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio alinifundisha jirani yangu, Bi Mwanahawa, si chuo.

Naye kanunua khanga mpya, anataka kukaa mbele kabisa. Leo alasiri akaniomba nimsomee hotuba. Nikamsomea, ule mstari nikauruka.

Akanitazama. "Mwanangu, hapo uliposita pameandikwa nini?"

"Hamna kitu, Bi."

"Haya. Kesho nitasikiliza hapo hapo."