Rimu ya Nne Iko kwa Shangazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usitaje jina langu, ingawa sijaliandika.

Mimi ni binti, nimemaliza shule na nimepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kilicho mbali na kwetu, natakiwa kuripoti mwisho wa mwezi, nisipofika nafasi anapewa mwingine, na Baba, ambaye ni fundi cherehani, ameapa kunipeleka mwenyewe kwa gari lake, lakini gari haliondoki uani kwa sababu rimu moja ya spoti, zile za urembo zinazobeba tairi, ilipasuka kwenye shimo, na Baba hataki kufunga rimu ya chuma ya kawaida, anasema ni sawa na kumvalisha bwana harusi kiatu kimoja na kandambili moja. Nilipomwambia nitapanda basi aliweka mkasi chini akaniuliza, "Na gari liko uani? Majirani waseme nini?"

Kwa kuwa sina kazi, nikatumwa mimi kutafuta rimu inayofanana. Madukani wanauza zote nne kwa pamoja. Muuza vipuri mmoja alinitolea kuukuu yenye sura ileile, akauliza, "Ndiyo hii, mwanangu?" na mimi naona haya kuongea na watu nisiowajua, nikasema ndiyo bila kuigeuza, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani, Baba akaigeuza, akahesabu matundu ya nati. Matano. Gari letu linataka manne. Hakunigombeza. Alirudi kushona, na hilo ni baya zaidi.

Mshauri, rimu inayofanana ipo. Iko kwa shangazi, dada yake Baba. Gari walilinunua wote wawili, likiwa na rimu tano, moja ya akiba, na walipokosana juu ya nani analiendesha zaidi, Baba alibaki na gari, shangazi akaondoka na ile ya tano ili gari lisiwe la Baba peke yake. Ameifunga ukutani, anaizungushia mpira wa kumwagilia maua. Nilikwenda, nikakaa hadi chai ikapoa ndipo nikasema. Akanijibu, "Nitaitoa, mwanangu. Lakini aje aniombe mwenyewe, asinitumie mtoto." Baba nimemwambia tu kwamba nimesikia fununu, naye akasema, "Popote ilipo, isiwe kwa yule mwanamke wa mpira."

Rafiki yangu ananishauri niifungue shangazi akiwa kazini, niseme nimeipata dukani. Geti huwa halifungwi. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mwenye Haya

JIBU

Mwenye Haya, pole sana. Sasa nisikilize.

Huyo rafiki yako mwambie akatafute rimu zake. Ukiiba hiyo, mpira utalala chini, na shangazi hatahitaji polisi kujua ni gari la nani lililopona ghafla.

Na wewe na haya yako! Unakwenda kuwa muuguzi, binti. Mgonjwa naye utaona haya kumgeuza? Umebeba chuma kichwani mpaka nyumbani kwa kuogopa kusema "naomba niitazame nyuma."

Hawa wawili hawagombei rimu. Ingekuwa rimu, shangazi angeshaiuza, na baba yako asingejua habari za ule mpira. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na wewe wamekuweka chini yao kama jeki. Toka hapo.

Rudi kwa shangazi. Rimu usiitaje kabisa. Mwambie, "Shangazi, naenda chuo, naomba unisindikize." Halafu nyamaza, hilo unaliweza. Mwanamke aliyeitunza rimu namna hiyo hatakubali kupanda gari linalochechemea. Atakuja nayo mwenyewe, na hakuna atakayekuwa amemwomba mwenzake. Ukitoka hapo, mwambie baba yako waziwazi kwamba umemwalika dada yake. Atafoka. Mwache afoke, akimaliza ataanza kuosha gari.

Zikibaki siku mbili na uani bado kimya, kata tiketi ya basi, umwombe baba akubebee sanduku hadi kituoni. Majirani hawatasoma uuguzi kwa niaba yako.

Rimu ikifika, tairi likaguliwe, nati zikazwe. Lakini kabla ya yote igeuze mwenyewe, wote wawili wakiwa wamesimama hapo, uhesabu matundu kwa sauti.