Msikanyage Nyasi za Baba

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate kabatini. Mlango wa uani nimeufunga na ufunguo ninao mimi, msiutafute. Bibi yenu akitaka kuota jua, mtoleeni kiti barazani mbele.

Asubuhi nilitoka uani kuanika nguo. Zile nyasi bandia alizotandika baba yenu Jumapili zilikuwa kavu, kijani, zinapendeza, nikasema moyoni kumbe leo bwana huyu kaniziba mdomo. Nikaweka beseni la nguo chini. Nyasi zikabonyea kama godoro, beseni likaanza kuinama upande mmoja, taratibu. Na chini yake nikasikia maji yanatembea.

Baba watoto, ukiamka usome na wewe. Fundi alikuambia udongo huu wa mfinyanzi haunywi maji, uchimbwe kwanza, kokoto ziwekwe na bomba la kuyatoa. Ukasema anajitafutia kazi. Basi maji hayakwenda popote, umeyafunika tu. Na lile tairi tuliloweka juu ya shimo la zamani la choo, ili mtu asikanyage mfuniko wa mbao, uliliondoa ili zulia lako la nyasi lilale vizuri. Sasa shimo liko wapi? Mimi siwezi tena kuonyesha.

~~Nenda ukaangalie.~~ Usiende. Nimemfuata fundi.

Beseni nililiacha huko huko. Kabla ya kufunga mlango niligeuka kulitazama. Halikuwepo.

Mama