Kompyuta Yenye Upindo

Jumatatu, 8 Juni

Nimeamka saa kumi na moja. Uji. Sare ya shule ya mwanangu Zawadi bado mbichi, baridi ya hapa haikaushi kitu. Nimechukua drayer ya saluni. Kabla ya kuichomeka nimetoa kichwa koridoni na kupiga kelele, "Nawasha!" Nikasubiri. Papa Fiston, Mkongo, fundi cherehani wa chumba cha jirani, akaitika, "Washa!" Maana yake pasi yake imezimwa.

Ndivyo tunavyoishi jengo hili la Jeppestown. Zamani lilikuwa karakana, sasa ni vyumba sita na saluni yangu mbele, na swichi kuu moja. Vitu vikubwa vikiwaka pamoja, giza kwa wote. Sheria ya kupiga kelele kwanza nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, imebandikwa mlango mkuu. Hata MaDlamini, Mzulu anayekaanga magwinya, maandazi ya huku, pale chini, anayajua maneno hayo mawili. Kiswahili chake chote ndicho hicho.

Vichwa vitatu vya rasta leo. Mgongo umekufa.

Lakini kasha la kompyuta limefika! Jeusi, kubwa, kioo ubavuni. Papa Fiston amelizunguka mara mbili. "Mama Zawadi, unaunda frigo ao sanduku ya kuzikia mbwa?" Acha acheke.

Nimenunua kubwa makusudi. Kama sare ya shule: unanunua pana, fundi anaacha upindo, mtoto akikua unaushusha. Kompyuta yangu nayo itakuwa na upindo. Madabodi, ule ubao wa kuungia kila kitu, yenye nafasi nne za ramu, nijaze mbili. Prosesa ya kawaida sasa, yenye nguvu baadaye, tundu lile lile. Pawa saplai kubwa kuliko ninavyohitaji leo.

Siku tano zimebaki. Kevo, Mkenya anayesoma Braamfontein, anamaliza chuo na kurudi kwao Kisumu. Nimemsuka mchumba wake Achieng mwaka mzima bila malipo, mapatano yakiwa miwani yake ya VR, ile unayovaa ukajiona uko ndani ya gemu. Ila ana sharti moja: hataki miwani ikae kabatini ioze. Jumamosi saa nane mchana anakuja, akute kompyuta inayoweza kuiendesha. Asipoikuta, miwani inakwenda kwa mtu wa Sandton, na mimi nitalipwa pesa.

Sitaki pesa. Nataka miwani. Morogoro nilikuwa nashinda kwenye banda la gemu, wavulana wananiogopa. Tangu nimzae Zawadi sijacheza kitu. Nataka kuogopwa tena.

Jumanne, 9 Juni

Kadi ya picha nimepata! Kwa fundi wa kompyuta pale karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Imetumika, lakini safi. Nimemwambia aichomeke, icheze gemu nusu saa nikiangalia.

"Dada, huniamini?"

"Nakuamini. Chomeka."

Nusu saa nzima nimesimama. Haikuzima, haikuleta mistari. Nimeifunga kwa taulo, nikaibeba mgongoni kwa kanga maana mikono ilikuwa na mifuko ya unga. Mama mmoja pale robot akachungulia amwone mtoto. Nikamwambia kalala.

Baba Zawadi amepiga simu, yuko Durban na lori, anarudi mwisho wa mwezi. Anasema hata nikiunda ndege, niache nafasi ya kitanda.

Zawadi kakataa kula mchicha. Nimekaa naye mpaka akaumaliza. Alilia. Sikulegea. Halafu tukaoga, nikampaka mafuta, akanilalia begani. Ananijibu Kiingereza siku hizi, kila kitu Kiingereza, na kidogo Kizulu cha shuleni. Namwambia lete kikombe, anasema okay Mama. Miaka sita. Inaniuma, lakini sigombi.

Jumatano, 10 Juni

Nimefunga saluni mapema. Meza ya wateja nimeifuta, nikatandika kitambaa cha pamba. Nimevua sweta la nailoni ijapokuwa baridi inakata. Hewa ya hapa Juni ni kavu, ukigusa chuma unapigwa shoti, na shoti kama hiyo inaua madabodi. Nimekuwa nagusa bomba la maji kila dakika kama mwehu, shoti iishie huko.

Raha tupu. Prosesa imekaa tunduni bila nguvu. Ramu, klik, klik. Feni. Nyaya za pawa saplai zilikuwa kichaka, nikazisuka nyuzi tatu tatu, nikazipitisha nyuma zisionekane. Ukiangalia kwenye kioo utadhani bibi harusi. Nimepiga picha sita.

Dawa ya kijivu ya kupozea prosesa, hiyo nilikuwa naingoja. Kupaka dawa ndiyo kazi yangu. Nimepaka vizuri, kila sehemu, mpaka pembeni.

Nimepiga kelele koridoni, nikaitikiwa, nimebonyeza. Feni zimezunguka. Taa zimewaka. Skrini nyeusi. Hakuna picha. Nimejaribu mara tano.

Hapana. Sitalia.

Alhamisi, 11 Juni

Nimejua. Mjinga mimi.

Nimempigia simu yule fundi wa pale robot kati ya mteja na mteja. Akauliza dawa nimepaka kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kutosha, sikuacha pengo. Akasema, "Dada, inawekwa kama punje moja ya njegere. Moja."

Nimeipaka kama dawa ya kulainisha nywele! Miaka saba nawafundisha wasichana: usiache pengo, fika mpaka ukingoni. Nimefungua. Dawa imefurika, imemwagika mpaka ndani ya tundu la prosesa, kwenye zile pini ndogo kama nywele za mtoto mchanga. 

Spiriti. Ile brashi laini ya kulaza nywele za mbele. Saa nzima, bila kuhema. Sijawahi kuchana mtu kwa upole hivyo. Zawadi alikaa kimya pembeni, anamulika kwa tochi ya simu. Sikumwomba. Mkono wake haukutikisika.

Nimeiacha wazi ikauke. Kesho naunga tena. Nikikosea kesho, basi.

Ijumaa, 12 Juni

IMEWAKA.

Punje moja ya njegere. Nikafunga skrubu, nikabonyeza, feni, taa, halafu picha. Picha! Nimepiga yowe, mteja mwenye kichwa nusu akaruka kwenye kiti. Nimeweka programu zote huku nasuka, mkono huku, mkono kule. Saa kumi nikajaribu gemu nzito kuliko zote ili kadi ijitume kweli.

Giza.

Jengo zima. Kimya kwanza, halafu milango.

Sikupiga kelele. Mimi. Kwa furaha nilisahau kabisa, na kwa kweli sikudhani kompyuta inahesabika. Papa Fiston alikuwa na pasi juu ya suti za harusi. MaDlamini alikuwa na jiko la umeme, mafuta yake yakapoa na unga ndani, magwinya yakanywa mafuta, yote ya kutupa. Na hita za watu, baridi hii.

"Ni weye uliandika sheria, mama! Weye!" Papa Fiston, mbele ya mteja wangu. Hakuna aliyecheka. MaDlamini amenitazama tu. Mwezi uliopita nilimfokea mbele ya watu kwa sababu ya birika la chai aliloliwasha bila kupiga kelele. Birika!

Wamesema ile mashine isiwashwe tena mpaka tukae kikao Jumatatu.

Kevo anakuja kesho.

Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka. Zawadi kaniuliza kama nitavunja sheria kesho. Nimemwambia hapana. Kaniuliza sasa tutafanyaje. Nimemwambia alale kwanza.

Jumamosi, 13 Juni

Niandike haraka.

Asubuhi nimegonga milango yote sita. Nimeanza kwa MaDlamini maana ndiye niliyemwogopa. Nimebeba mfuko wa unga na chupa ya mafuta, nikapiga goti kama kwa mama yangu. Ngiyaxolisa, Ma. Nikamwomba radhi ya jana, halafu ya birika. Ya birika ilikuwa ngumu zaidi. Alichukua unga, akauangalia. Akauliza hiyo mashine inafanya nini hasa. Nikamweleza kwa Kizulu changu kibovu: unavaa miwani, unajikuta mahali pengine. Akafikiri. Akasema sawa, atazima jiko robo saa, lakini wa kwanza kuvaa ni yeye.

Papa Fiston: "Robo saa. Dakika ya kumi na sita naweka pasi juu ya hiyo frigo yako." Nikajua kanisamehe.

Saa nane kasoro dakika tano jengo lote lilikuwa saluni kwangu. Jiko limezimwa, pasi imezimwa, hita zote. Watu na makoti. Kevo akaingia na mkoba, akashangaa. "Eish, ni mkutano ama ni matanga?" Achieng nyuma yake anacheka, na rasta zake nilizosuka.

Nimesimama mlangoni kwangu. Nimepiga kelele kuliko siku zote. "NAWASHA!"

Watu kumi, pua kwa pua na mimi: "WASHA!"

Ikawaka. Kevo akachomeka miwani, akainamia skrini, akasoma namba, akagusa hiki na kile. Akasema inashika picha tisini kwa sekunde, haishuki. Akakodoa macho kwenye kasha. "Nani amesuka hizi waya?"

MaDlamini akavaa. Gemu ya kupanda mlima. Akainua mkono, akaona mkono wake wa ndani ya miwani, akaugeuza, akaugeuza. Halafu akatazama chini. "Hawu! Ngizowa, bantu, ngizowa!" Akaona anaanguka, akalikumbatia drayer la kusimama kwa mikono yote miwili, hataki kuliachia, huku watu wamelala chini kwa kicheko. Tukadhani anataka kuvua. Wapi! Alipanda mpaka kileleni. Alipovua machozi yalikuwa yanamtoka, akasema juu kule kuna upepo. Hakuna upepo, Ma. Akasema upo.

Papa Fiston akafuata. Dakika ya arobaini nikamkumbusha pasi. "Tokeni, muniache, niko na shughuli."

Swichi kuu haikuruka, na wamesema kikao cha Jumatatu hakuna tena, nipige kelele tu kama wengine. Miwani imebaki mezani kwangu. Kevo kanipa mkono, kasema nimeijengea nyumba nzuri, na akachungulia zile nafasi tupu za ramu. "Hii itakua." Nikamwambia ndiyo, ina upindo.

Mimi mwenyewe sikupata zamu. Watu walikuwa wengi. Sijali. Nina furaha.

Jumapili, 14 Juni

Tumetoka kanisani. Wali na maharage. Hakuna kichwa cha kusuka leo.

Jua limeingia dirishani mpaka kwenye kasha, nyaya zinang'aa. Magwinya mawili yako mezani, yamefunikwa sahani. MaDlamini kaleta, hakukaa.

Nimeketi, miwani magotini. Zamu yangu. Nilitaka gemu ya kupigana, ya kuogopwa. Nimebadili mawazo. Kuna moja ya ziwa, unakaa ukingoni tu, hakuna anayekuita. Nitakaa hapo kidogo.

Nilikuwa naanza kunyanyuka kwenda mlangoni. Zawadi akaniambia sit, Mama. Akaenda yeye. Akafungua mlango, akatoa kichwa koridoni, akavuta pumzi.

"Nawasha!"

Kiswahili safi, kama cha kwetu. Chini MaDlamini akaitika. Papa Fiston akaitika. Akarudi, akaweka kidole kwenye swichi, akanitazama kuona kama niko tayari.