Mwiko Nilioutoa Mapema

Shikamoo Mama,

Joto la Guangzhou linakaba, na mimi kutulia siwezi. Unajua shahada yangu ni ya vyuo viwili, miaka miwili hapa na miwili Australia. Nilipoona safari imefika, nikamwachia Neema, mgeni wetu kutoka Mbeya, sufuria na mwiko wako, kama tufanyavyo tukiaga. Kesho yake chuo cha kule kikaandika kwamba serikali yao imeweka kikomo cha wanafunzi wa kigeni, nisubiri. Sasa kila jioni nafunga sanduku, nalifungua, kisha nampigia Neema hodi na unga mkononi, tusonge ugali.

Jana akasema, "Dada, si uchukue tu mwiko wako."

Nimekataa. Nikiuchukua, nimekubali kwamba siendi.

Nimekukumbuka sana. Wa kanisani usiwaambie bado.

Mwanao, Rehema