Ufunguo Alioushika Mtani Wako

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa hiyo tuendelee.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kiti cha dereva, uani kwetu hapa Bagamoyo. Mama yuko ndani, anakaa eda, anasoma Yasini kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Gari lipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Lipo, lakini lilikuwa njiani kuondoka, na nataka habari hii uisikie kwangu, maana huyo Maganga wako siku akifika huko ataitia chumvi.

Siku tulipokuzika alikuja mapema kutoka Msata, na mikono yake ya fundi pancha hata hajaiosha grisi. Akaichukua kofia yako msumarini, akavaa na miwani yako, akaingia kwenye gari, akashika usukani. Watu wanalia, yeye anatembeza watalii. "Wageni wangu, kushoto mnaona nyati. Kulia ni shemeji zangu, hao wakali zaidi." Sauti yako kabisa, mpaka kile kikohozi chako cha kabla ya kusema uongo. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Shehe alitazama pembeni, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Halafu Maganga akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akatangaza kwamba mtani karithi. Ndiyo utani wetu sisi Wakwere na hao Wanyamwezi. Anachokishika mtani msibani hanyang'anywi, mnakikomboa. Na mtani hakasirikiwi.

Tulidhani ataridhika na soda. Akaondoka nao, kofia yako kichwani.

Siku ya arobaini yako Baba mdogo Shomari akaja na mnunuzi kutoka Dar. Simlaumu sana. Hukuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye ana fungu lake kwa sheria ya mirathi, na gari haligawanyiki kama minazi. Akauliza, nani ataliendesha? Nikasema mimi. Akasema, wewe mtu wa simu? Hapo alinipata. Miaka yote kazi yangu ilikuwa simu: kuwajibu wageni, kuwapangia siku, hawa mbugani Saadani kwenda na kurudi, wale Mikumi watoke kabla ya alfajiri, wa Dar wasije wakakwama kwenye foleni ya jioni. Wewe ndiye uliyekuwa barabarani. Leseni ninayo, ulinifundisha mwenyewe njia ya Kaole, lakini kwa Baba mdogo leseni ya mtoto wa kike ni karatasi ya kufungia maandazi.

Na simu yenyewe ilikuwa inanisumbua. Kuna familia ilikuwa imeomba Saadani ya Jumamosi, baba, mama na watoto wao. Kila nikitaka kuwaandikia kwamba haiwezekani tena, kidole kinagoma. Nikiandika hivyo, ndiyo umekufa kweli.

Basi mnunuzi akalizunguka gari, akapiga tairi teke kama wanavyofanya wote, akaomba ufunguo. Ufunguo uko kwa Maganga, na Maganga yuko mkekani anakula pilau yako. Baba mdogo akampelekea soda na bahasha. Soda akainywa, bahasha akairudisha.

"Haukombolewi kwa bahasha," akasema, akanielekezea kidole. "Mwanaidi anipeleke Saadani, nikae nyuma kama mgeni. Akinirudisha mzima, ufunguo nautoa."

Baba mdogo akaanza kupandisha sauti. Wazee wakamcheka, wakamuuliza tangu lini mtu akamkasirikia mtani. Mnunuzi akarudi Dar kwa basi.

Jioni ile ile nilifanya ulivyokuwa ukisema, kwamba safari huanza jana yake: maji, oili, tairi la akiba, jeki, na lile gunia la zamani la kufutia viatu. Alfajiri Mama akafunga wali wa nazi na changu wa kukaanga kwenye hotpoti. Sahani mbili akaziweka kapuni. Ya tatu, ile yako ya bati yenye maua, akanipa mkononi. "Hii ya dereva," akasema. Nikaipokea, nikatoka haraka.

Baba mdogo akakaa mbele, eti analinda mali. Maganga, aliyekuwa amelala kwa jirani, akanipa ufunguo kwa mkopo, akasimama pembeni ya mlango wa nyuma akitazama mbali mpaka nikamfungulia. Fukayosi alilalamika njaa. Msata alishusha kioo awapungie mafundi wenzake. Tukaiacha lami Mandera, tukashika njia ya Miono, na mvua ilikuwa imenyesha. Ule udongo mweusi unaujua. Baba mdogo akaanza kusoma dua kwa sauti. Mimi nilikusikia wewe tu: usishike breki kwenye tope, liache gari litafute njia. Nikaweka gia namba mbili, nikaliacha likayumba, likatafuta, likapita. Dua ikaisha katikati.

Hatujaingia hifadhini vizuri, mgeni wangu akaanza. Simba yuko wapi? Hii ndiyo mbuga gani, isiyo na simba?

"Sikukuahidi simba, bwana," nikamwambia. "Nilikuahidi twiga."

Lilinitoka hivyo hivyo, neno lako, na kikohozi nikakohoa.

Mbele kidogo twiga wakakata njia, mama na mwanawe na wengine nyuma. Nikazima gari. Nikangoja Maganga atukane, aseme hizo ni shingo za wakwe zetu au nini. Nikatazama kwenye kioo. Maganga amevua kofia yako, ameishika kifuani, analia. Yule aliyetuchekesha mpaka kaburini, Baba, jitu zima, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Baba yako aliniahidi kunileta huku," akasema. "Wiki ijayo Maganga, leo gari limejaa. Kila wiki. Matairi yote yanayokuja huku nayajaza mimi, na sijawahi kuona hata mkia."

Mgeni hukuwa ukimwahidi simba, ila rafiki yako ulimwahidi kiti. Sikusuti. Gari lilikuwa linajaa kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikilijaza. Nililia na mimi pale. Tangu ufe nilikuwa napika na kugawa chai, sikupata nafasi. Tulilia kwa raha zetu, twiga wanakula majani, Baba mdogo anatazama dirisha lake. Kisha tukala. Changu alikuwa na chumvi nyingi, Mama bado hajakaa sawa.

Tulipomshusha Msata, Maganga akasema ufunguo umekombolewa, akaingia kibandani kwake. Kofia kaondoka nayo. Sikuidai.

Tulipopita Fukayosi, Baba mdogo akanigeukia.

"Hao wageni wako wa Jumamosi," akasema, "wanatoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi.

"Basi yule wa Dar nitampigia asije."

Fungu lake litatoka kwenye safari, tumekubaliana mbele ya Mama. Ile familia nimeijibu. Ni kesho. Maji nimejaza, tairi la akiba nimelipima, sasa nimekaa tu hapa kwenye kiti chako, ambacho sijakisogeza mbele hata kidogo, ndiyo maana mgongo unauma. Nitakisogeza kesho, usinune.

Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, akuwekee na mwanga, maana gizani hukupenda kuendesha. Mara moja kila mwezi nitaacha kiti kimoja wazi, asikae mgeni wa kulipa, akae mtu wetu. Mwezi ujao ni cha mke wa Maganga, Mama akimaliza eda ni chake. Mengine yote siyajui bado. Simba sikuahidi, Baba. Nakuahidi twiga.

Mwanao,
Mwanaidi